Ya Mawe na ya Masafa: Vidokezo kwa Mwenye Uwezo wa Pikipiki Moja Tu

Wenye nafasi hununua mbili: moja ya kuparamia mawe, nyingine ya kwendea Arusha. Sisi wengine mfuko ni mmoja na banda ni moja, na banda lenyewe tunagombea na kuku. Kwa hiyo swali linabaki palepale: ni pikipiki gani itapanda korongo Jumamosi, halafu Jumatatu ikutoe kilomita 300 bila kukuvunja kiuno?

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Traiali ni mchezo wa kupitisha pikipiki polepole juu ya mawe, magogo na ndani ya vijito, bila kuweka mguu chini. Hakuna kukimbizana. Mguu ukigusa ardhi mara moja unaandikiwa pointi 1 ya adhabu, mara mbili 2, mara tatu na kuendelea 3, ukianguka, 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi, na Mhispania Toni Bou ameugeuza ubingwa wa dunia wa mchezo huu kuwa kama shamba la urithi: kuanzia 2007 hadi 2024 haukumponyoka hata mwaka mmoja. Wewe huhitaji kombe. Lakini kama umewahi kupandisha kijia cha Usambara wakati wa masika, umeshacheza traiali. Aliyekosekana ni refa wa kukuhesabia miguu.

1. Anza na mita 100 mbaya kuliko zote

Muuzaji atakuuliza, "Bosi, unaendaga wapi sana?" Wewe mwambie unakwamaga wapi. Chukua safari ninayoijua mimi. Dar kupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo ni lami tupu. Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule, lakini nayo ni lami. Kasheshe inaanza baada ya hapo: udongo mwekundu, kisha changarawe, kisha kijia cha ng'ombe kinachokata mfereji na kupanda jiwe moja pana lililolainishwa na nyayo za watu. Kwa hesabu ya kilomita, jiwe hilo halimo. Lakini ndilo litakaloamua kama usiku utakukuta kwa wakwe ukila ugali au chini ya mparachichi ukisubiri kukuche.

Lami inasamehe. Pikipiki yoyote nzima itafika Mombo, hata ile iliyozeekea kwenye magunia ya mkaa. Kwa hiyo nunua ukilifikiria jiwe, na mambo ya lami tutayapanga mbele ya safari.

2. Iinue kabla ya kuilipia

Hapa ndipo penye kiini, naomba utulie kidogo.

Pikipiki halisi ya traiali ina kilo 70 hivi. Haina siti ya kukalia, na tangi lake ni la lita 2 au 3. Ukitoka nayo Dar, Chalinze utaisikia kwenye redio. Upande wa pili kuna fahari la masafa, tuseme BMW R 1250 GS: kilo 249 ikiwa imejaa mafuta, tangi la lita 20. Kwenye lami hilo ni kochi. Likilala kwenye utelezi, utaita kijiji kizima.

Niliwahi kuazima moja ya ukoo huo, kilo 200 na ushee. Gurudumu la mbele likateleza kwenye ukingo wa mfereji, mwendo ukiwa hata wa kobe haujafika, ikajilaza taratibu kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kucheulia. Nikavuta, ikatikisika. Nikavuta tena, ikanitazama. Akatokea mama mmoja na binti yake wakiwa na matenga ya kabichi kichwani. Wakayatua, wakakaza kanga, tukaiinua watatu. Mama akajifuta mikono, akaizunguka pikipiki kwa macho, akaniuliza kwa upole wa Kisambaa, "Baba, kwani hawakuwa na ndogo?"

Walikuwa nazo. Tena bei nafuu.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, omba magunia mawili, ilaze juu yake, kisha uinue mwenyewe. Kama imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza isije ikadondokea upande wa pili. Ingiza gia isitembee. Ipe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu rudi kinyumenyume kwa nguvu ya miguu. Kiuno kiache kipumzike. Fanya mara tatu. Ya kwanza utaiinua kwa sifa, ya pili kwa nguvu, ya tatu ndiyo itakayosema kweli, kwa sababu mlimani huanguki mara moja. Kwa anayesafiri peke yake, mimi naweka mpaka kwenye kilo 130. Muuzaji akikataa kuilaza pikipiki yake, nenda duka la jirani.

Na usidanganyike kwamba nyepesi haiwezi masafa. Siti nzuri utaishonesha. Mafuta ya akiba utayabeba. Kioo cha kukata upepo utafunga. Masafa yote hayo yananunulika baadaye, kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Wepesi hakuna duka linalouuza.

3. Isikilize inavyotambaa

Kijana wa dukani atakuonyesha inavyokimbia. Mwambie akuonyeshe inavyochechemea. Tafuta uwanja, omba kreti mbili za soda, ziweke hatua tano au sita moja kutoka kwa nyingine, kisha zizunguke kwa umbo la 8, gia namba 1, klachi imeachiwa kabisa, mafuta kidole kimoja tu. Injini inayofaa itatwanga polepole, tu-tu-tu, kama kinu cha jirani, haikati wala hairuki. Isiyofaa itagugumia, itakuruka, kisha izime katikati ya kona na mguu wako utakuwa chini. Pointi 1.

Siri iko kwenye gurudumu zito lililomo ndani ya injini, lile linalotunza mzunguko pistoni inapopumua. Likiwa zito, injini haizimi ovyo kwenye mwendo mdogo. Injini za mbio hulifanya jepesi ili zipande mzunguko haraka, na ndiyo sababu pikipiki ya motokrosi, ingawa inafanana na tunayoitaka, ni sumu kwa kazi hii. Kuhusu ukubwa wa injini, sisi ni watu wa nguvu za chini: cc 150 hadi 250, silinda moja, ya kupozwa na upepo. Ya 125 nayo inapanda, ila kwenye lami ndefu malori yatakupita yakikupigia honi za huruma.

Angalia pia usukani unakunjika hadi wapi. Unaokunjika sana utakugeuza kwenye kijia. Usiokunjika utakushusha uibebe mgongoni.

4. Usinunue gia, nunua sproketi

Wengi huikataa pikipiki nzuri kwa sababu "gia namba 1 ni ndefu", au wanailaumu kwamba "kwenye lami inalia sana". Dawa ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45: uwiano ni 3. Toa ya 15, funga ya 14, uwiano unakuwa 3.21. Pale injini ilipokuwa ikikupa kilomita 80 kwa saa, kwa mlio uleule sasa itakupa 75 hivi, na gia namba 1 itatambaa zaidi kwa kiasi hichohicho. Jino 1 la mbele ni karibu sawa na meno 3 ya nyuma, kwa hiyo chezea la mbele kwanza, ni rahisi na bei yake ni ndogo.

Mimi hutembea na ile ya 14 mfukoni mwa begi, imefungwa kwenye kitambaa chenye grisi. Mombo nasimama, naagiza chai, fundi ananifungia kabla vitumbua havijapoa. Nikishuka, narudisha ya 15. Kumbuka kurekebisha cheni kila ukibadili: ikiwa na mchezo wa sentimita 3 hivi katikati, inatosha. Iliyokazwa kama gitaa itakula beringi.

5. Magurudumu: makubwa mbele, spoku kote

Gurudumu la inchi 17 linaliona kila jiwe. La inchi 21 linaona machache. Pikipiki za traiali huwa na 21 mbele na 18 nyuma, na hivyo ndivyo zilivyo nyingi za njia mbaya. Inchi 19 mbele, kama ilivyo kwenye Honda XR150L, ni mapatano yanayoheshimika. Taka spoku. Rimu za kumwaga zinapendeza mjini, lakini ikipasuka njiani hakuna nyundo itakayoirudisha, wakati ya spoku fundi yeyote ataikaza akipiga stori.

Tairi ndipo mambo mawili tunayoyataka yanapogombana waziwazi. Tairi ya traiali ni laini, na huendeshwa kwa upepo wa PSI 5 au 6 tu, inakumbatia jiwe kama mjusi. Ipeleke lami kwa upepo huo, itachemka na kuyumba, na utaiona ikiisha kwa macho. Chukua yenye vitalu vya wastani vinavyokaribiana, ile ya nusu lami nusu vumbi. Beba pampu ya mkono na kipimo. Lami, fuata maandishi ya mtengenezaji. Ukifika mawe, shusha hadi PSI 15 hivi. Usishuke zaidi ukiwa na tyubu ya kawaida: tairi itazunguka ndani ya rimu na kung'oa valvu, na hapo pancha yako haitazibwa na kiraka.

6. Simama juu yake

Ukiwa dukani, panda, simama wima juu ya stepu za miguu, magoti yamelegea, macho mbele. Mikono ikiufikia usukani bila wewe kuinama kama anayetafuta shilingi iliyodondoka, hiyo ni yako. Ikibidi uiname, usukani unaweza kuinuliwa kidogo kwa vishikio virefu, kazi ya nusu saa.

Halafu inama sasa, uzitazame stepu zenyewe. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, ya kulia na ya kushoto zimeungwa na chuma kimoja kinachopita chini ya injini. Upande mmoja ukigonga jiwe, mwingine nao unapinda, na kigoe cha gia kinabanwa humohumo. Unachotaka ni stepu zinazojitegemea, pana, zenye meno, zinazokunjika juu zikigongwa. Ukiwa bado umeinama, angalia kama kuna sahani ya chuma inayolinda tumbo la injini, na ekzosi imepita wapi. Ya chini inakunywa maji ya kijito; ya juu inakuchoma paja. Chagua ya juu, vaa suruali ndefu.

7. Fundi wa makochi ni rafiki yako

Siti nyembamba ni nzuri mlimani, maana unazungusha mwili juu yake bila kukwama. Baada ya Chalinze inageuka ubao wa kufulia. Usiitupe. Ipeleke kwa fundi wa makochi wa mtaani kwenu, mwambie aache mbele pembamba, apanue nyuma tu, na aweke sponji ngumu. Sponji laini ndiyo kosa la kila mtu: inakubembeleza dukani, baada ya kilomita 50 umekalia chuma. Juu yake tandika ngozi ya kondoo siku za masafa. Utachekwa Korogwe, lakini watakaocheka watakuwa wamesimama kwa sababu hawawezi kukaa.

8. Tangi

Gawanya tu. Lita 8 kwa pikipiki inayokwenda kilomita 35 kwa lita ni kilomita 280, na milimani toa robo. Kwenye barabara kuu sheli haziko mbali kiasi hicho. Vijijini yapo mafuta ya chupa kando ya barabara. Yachuje kwa kitambaa. Beba kidumu cha lita 3, basi, tusilifanye suala la lita kuwa kubwa.

9. Waangalie wazee wa Uingereza

Wanaodhani pikipiki ya mambo mawili ni ndoto za maskini wawatazame Waingereza. Klabu iitwayo Motor Cycling Club, iliyoanzishwa 1901, imekuwa ikiendesha safari za majaribio ya masafa marefu tangu zama za taa za kabidi. Ile ya Land's End ilianza 1908 na hufanyika wakati wa Pasaka: watu wanaendesha usiku kucha kwenye barabara za kawaida, wakiwa na taa na pleti namba, na njiani wanapandishwa vilima vya mawe na matope kama Blue Hills Mine kule Cornwall. Ukisimama kilimani, umekosa alama. Ukifika na chombo cha kubebwa kwenye trela, hujaja kushindana. Scotland nako, kuzunguka mji wa Fort William, kuna mashindano ya siku 6 ambayo kati ya jaribio moja na jingine unaendesha mwenyewe, mvua isinyeshe au inyeshe, na kwa kawaida inanyesha.

Kilichotokea kwenye mashindano hayo ya Scotland kinatuhusu. Sammy Miller alishinda 1962 na 1964 akiwa na Ariel ya 500, farasi mzito wa Kiingereza aliyempunguza gramu kwa gramu kwa msumeno na tindo. Halafu akahamia Bultaco ya 250 kutoka Hispania, nyepesi zaidi, na 1965 akashinda tena. Baada ya hapo hakuna aliyebishana sana kuhusu uzito.

Wajapani nao walitengeneza za katikati. Yamaha Serow, iliyoanza 1985, ilipewa jina la mnyama wa milima ya Japani aliye ndugu wa mbuzi, na inapanda kama jina lake. TW200, ya tangu 1987, ina tairi nene kama ya trekta dogo, siti ya chini na kilo 126 hivi. Haina haraka na mtu. Ukikutana na mojawapo imetunzwa, usiharakishe kuondoka. Lakini kabla hujatoa pesa, soma kidokezo kinachofuata.

10. Fundi wa njiani aijue

Pikipiki nzuri isiyo na spea ni pambo. Kabla ya kununua, ingia maduka matatu ya spea ukaulize vitu vinne: waya wa klachi, cheni na sproketi zake, pedi za breki, na tyubu ya size yako. Ukiambiwa "inaagizwa" mara mbili, sahau.

Ndiyo maana mabwana shamba na mapadri wa vijijini walikaa miaka yote ile na Honda XL125, Yamaha DT125 na AG100. Hasa hiyo AG, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashambani: cheni imefunikwa isile vumbi, keria mbele na nyuma, stendi ya pembeni kulia na kushoto ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Haina urembo wowote. Injini yake ni ya kuchanganya oili, lakini oili ina tangi lake pembeni, hupimi kwa kizibo. Zikipatikana nzima bado ni mwalimu mzuri wa mawe, ila kwenye lami utahitaji subira na kofia ya kujikinga na matusi.

Kabureta au mfumo wa kompyuta? Wa kompyuta unakula mafuta kidogo na hausumbui kwenye baridi ya Magamba kule Usambara. Kabureta inafunguliwa kwa bisibisi moja kwenye kibaraza cha duka. Mimi bado ni mtu wa bisibisi. Na kiki ibaki: betri ikifa kijijini, mguu haujawahi kuisha chaji.

11. Mzigo chini, karibu na mwili

Boksi kubwa juu ya keria ya nyuma linainua gurudumu la mbele kwenye kilima, na utakwenda kuwasalimu nyota. Mabegi laini mawili yaning'inie ubavuni. Vyombo vya ufundi weka chini kabisa.

12. Mwisho, kadi

Umeipenda, umeiinua mara tatu, umezunguka kreti, fundi ameikubali. Usitoe pesa bado. Omba kadi. Mwenye jina kwenye kadi awe ndiye aliyesimama mbele yako, au aje. Kisha lete tochi, futa vumbi kwenye shingo ya fremu, soma namba ya chesisi herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini. Ukikuta chuma kimekwaruzwa au kimechomelewa pale namba inapotakiwa kuwa, aga vizuri, chukua helmeti yako, urudi nyumbani kwa daladala.